Khofu Tumeivisha Shela, Tukaiita Tawakkul



Leo tunakuja na maneno makali kidogo. Tuvumilieni, kwa sababu jambo lenyewe limetukaa rohoni tangu Mfungo Mosi uliopita na tumeshindwa kulimeza.

Sisi hapa dukani tuko watatu. Sote tumeishia kidato cha nne, sote tumesomea ushoni, na riziki yetu sote inatoka kwenye magauni ya harusi. Hatukufika chuo kikuu wala hatujifanyi masheikh. Lakini fundi wa gauni la harusi anaona kitu ambacho mama hakioni, bwana harusi hakioni, na sheikh anayefungisha ndoa hakioni. Sisi tunajua kiuno cha bibi harusi kilikuwa nchi ngapi siku ya kwanza na kimebaki nchi ngapi wiki moja kabla ya harusi. Tunajua nani anajitazama kwenye kioo akacheka, na nani anajitazama akageuza uso.

Mmoja wao alikuja kwetu miezi miwili kabla ya siku yake. Amekubali tuandike khabari yake, na tumebadilisha baadhi ya mambo asije akajulikana. Tulimpima, tukakata, tukashona. Alipokuja kujaribisha mara ya kwanza, gauni likampwaya. Tukasema labda tumekosea vipimo, tukapunguza. Mara ya pili likampwaya tena. Mara ya tatu tulipokuwa tunamchomeka pini kiunoni, alianza kulia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye lesi.

Tukafunga mlango wa duka, tukamkalisha chini. Akatueleza. Mwanamme aliyemposa alisema hajawahi kuoa. Kumbe ana mke na watoto wawili mji mwingine. Yeye aligundua kwenye simu, akamwambia mama yake, na mama akasema: "Mwanangu, mahari tumeshapokea, kadi zimeshatoka, ukumbi umeshalipiwa. Mtegemee Mungu tu. Kama ni kheri itakuwa, kama si kheri ni kudra."

Tukamuuliza: na wewe mwenyewe unasemaje? Akasema: "Nimeswali istikhara mara saba, sijaota kitu. Na mimi nina miaka 29. Naogopa watu."

Shoga, hapo ndipo tulipokasirika. Kwa bibi harusi hatukuwa na hasira. Tulikasirishwa na lile neno "mtegemee Mungu", namna lilivyotumika. Mama yule hakuwa anamtegemea Mungu. Alikuwa anawaogopa majirani, na jina la Mwenyezi Mungu alilichukua kama tunavyochukua bitana, akaitandaza chini ya khofu yake ili mishono isionekane.

Na ndilo tunalotaka kulisema leo bila kuzunguka. Wanawake wengi wa visiwani tunasema tuna tawakkul, lakini maamuzi yetu makubwa anayeyakata ni khofu. Khofu ya watu, khofu ya kukosa mume, khofu ya kuachwa, khofu ya jicho, khofu ya kusemwa. Kisha khofu hiyo tunaivisha shela nyeupe, tunaipaka hina, tunaiita subira, tunaiita kudra, tunaiita istikhara. Na watoto wetu wa kike wanaolewa nayo.

Istikhara haikuletwa ili tulale tusubiri ndoto

Tuanze hapo, maana hilo ndilo tunalolisikia kila wiki. "Nimeswali sijaota." "Nimeota nyoka, basi sitaki." "Nimeota nguo nyeupe, basi ndiye."

Istikhara imepokewa kutoka kwa Jabir bin Abdillah, katika Sahihi Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W) alikuwa akiwafundisha masahaba wake kwa mambo yote, kama anavyowafundisha sura ya Qur'ani. Ni rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua. Na ndani ya dua ile mja anakiri kwamba Mungu anajua na yeye hajui, Mungu anaweza na yeye hawezi. Anaomba jambo likiwa na kheri kwa dini yake, maisha yake na mwisho wake, alipangiwe na kusahilishiwa. Likiwa na shari, liepushwe naye na yeye aepushwe nalo.

Someni hadithi ile mwanzo hadi mwisho, hamtakuta ndoto. Hamtakuta nyoka wala nguo nyeupe. Mtakuta mtu ambaye ana jambo mbele yake, amelikusudia, na anamkabidhi Mola wake matokeo. Maana yake ni kwamba unaswali, halafu unanyanyuka unatembea. Unauliza, unachunguza, unashauriana, unaamua. Na Allah anafungua au anafunga.

Sasa tumwambieni yule bibi harusi ukweli. Alimwomba Mungu amwonyeshe, na Mungu akamwonyesha mchana kweupe, akiwa macho, na simu mkononi. Mwanamme amemdanganya jambo kubwa kama mke na watoto. Anataka aonyeshwe nini tena? Anangoja ndoto imwambie kitu ambacho macho yake yameshakiona? Kuomba mara ya nane na ya tisa si kosa, dua haina kikomo. Lakini ikiwa tunarudia kuomba kwa sababu jibu tumelipata na tunaogopa kulitekeleza, basi tujiambie wenyewe kwamba tunatafuta ruhusa ya kuogopa.

Tusifahamike vibaya. Hatusemi kuolewa uke wenza ni haramu. Allah ameruhusu kwa masharti yake, na wapo wanaokubali kwa ridhaa zao wakaishi kwa salama. Tunazungumzia uongo. Mwanamke aliyekubali kuwa mke wa pili ameamua. Aliyefichwa hakuamua kitu, ameamuliwa.

Kimya cha haya na kimya cha khofu

Mama zetu wanapenda kutuambia kwamba mwanamwali ridhaa yake ni kimya chake. Ni kweli, hadithi ipo. Lakini kwa nini tunaishia hapo hapo, na yaliyobaki hatuyasemi?

Kwa nini hatuwasimulii watoto wetu khabari ya Khansa bint Khidam? Mwanamke huyu alikuwa ameshawahi kuolewa kabla, baba yake akamwozesha kwa mtu asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W) akamweleza, na Mtume akaivunja ndoa ile. Na katika Sunan Abi Dawud imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas khabari ya msichana bikira aliyekwenda kusema kwamba baba yake amemwozesha na yeye hataki, na Mtume akampa khiari. Masheikh wana maelezo yao marefu kuhusu walii na bikira, na sisi hatutaingia kwenye fiqhi tusiyoisomea. Tunachosema ni kwamba wanawake hao walizungumza, na hakuna aliyewaambia wamekosa imani.

Na Barira je? Alikuwa mjakazi, akaachwa huru, akapewa khiari ya kubaki na mumewe Mughith au kuachana naye. Mughith alimpenda mpaka akawa anamfuata njiani huku analia, machozi yanatiririka kwenye ndevu zake. Mtume (S.A.W) mwenyewe akamwombea kwa Barira amrejee. Barira akauliza: je, hiyo ni amri? Akajibiwa kwamba ni maombezi tu. Basi akasema hana haja naye. Mtume hakumkasirikia, na watu wa Madina hawakumwita mwanamke asiyekuwa na subira.

Leo binti akisema "sitaki" mbele ya shangazi na mama mdogo, anaambiwa amefundishwa na intaneti.

Mama zetu, nyinyi mmezaa, mmelea. Kimya cha haya mnakijua. Binti anainamisha uso huku anatabasamu, anakimbilia chumbani, usiku anapiga simu kwa shoga zake. Kimya cha khofu pia mnakijua. Binti hali, halali, anakonda, ukimuuliza anasema "sina kitu". Vimya viwili hivi havifanani hata kidogo. Atakayekichukua kimya cha khofu akakiita ridhaa, asiseme siku ya Kiyama kwamba hakujua.

Si kila tawakkul ni kusema hapana

Hapa tunataka kuwa waadilifu. Kuna khofu inayotusukuma kukubali baya, na kuna khofu inayotuzuia kukubali jema. Tumewaona mabinti wanaokataa posa ya kijana wa watu, mcha Mungu, kwa sababu ana kibanda cha kuuza juisi na wanaogopa kuchekwa na wenzao walioolewa na wenye magari.

Hapo nako tuna mwalimu wetu. Fatima bint Qays alipomaliza eda yake aliposwa na Muawiya na Abu Jahm. Akaenda kuomba ushauri kwa Mtume (S.A.W). Tazameni ushauri aliopewa. Hakuambiwa "vyovyote itakavyokuwa ni kudra". Aliambiwa wazi kwamba mmoja ni maskini hana mali, na mwengine fimbo haimtoki begani. Yaani aibu za wanaume wale zilisemwa, kwa sababu mwanamke anataka kuingia kwenye maisha yao na ana haki ya kujua. Kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Yeye mwanzo hakumpenda Usama. Lakini aliutazama ushauri, akaukubali, na Allah akamtilia kheri katika ndoa ile.

Basi tawakkul inaweza kuwa "sitaki" na inaweza kuwa "nimekubali". Kinachotofautisha ni hiki: umeuliza? Umejua unachokiingia? Na uliyemtazama ulipokuwa unajibu ni Mola wako, au ni dirisha la jirani?

Mambo tunayoyafanya gizani

Sasa tuje kwenye lile ambalo hatulisemi mchana. Dada anasoma yasini kila Alkhamisi, sala tano hazimpiti, lakini posa ikija jina lake na jina la kijana yanapelekwa kwa mtu akatazame nyota kama zinaelewana. Zikielewana, raha. Zisipoelewana, posa inarudishwa, na kijana wa watu hajui kosa lake ni nini. Mwengine anafungwa hirizi kwenye pindo la gauni la harusi. Na sisi tunajua, maana tumeshaletewa gauni na kuambiwa "acheni nafasi hapa kwenye pindo". Hatushoni nafasi hiyo. Tumeshapoteza wateja kwa hilo, na Alhamdulillah bado tunakula.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Siku 40, shoga! Sala 200, kwa sababu ya kuuliza tu. Tunaingia kwenye ndoa tukiwa tumeshaichoma ibada yetu wenyewe, halafu tunasema tunatafuta baraka.

Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa wanaogopa kuoa mwezi wa Shawwal, wanaamini una mkosi. Bibi Aisha (R.A) alikuwa akisema kwamba yeye Mtume alimuoa Shawwal, na akauliza nani katika wake zake aliyepata nafasi kubwa kwake kuliko yeye. Na Shawwal ndiyo Mfungo Mosi yetu, mwezi ambao sisi mafundi hatulali kwa wingi wa harusi. Khofu ile ilikufa kwa sababu kuna aliyesimama akaikataa. Hizi zetu za nyota na hirizi nani atazisimamia?

Hatukatai kwamba jicho lipo, dini imesema lipo. Lakini kinga yake tumepewa bure: Falaq, Nasi, Ayatul Kursiy, adhkari za asubuhi na jioni. Anayeziacha hizo akaenda kununua kinga ya shilingi laki moja, khofu imemtoza pesa.

Funga ngamia wako, na upime damu yako

Mnaijua khabari ya ngamia. Mtu alimuuliza Mtume (S.A.W) amfunge ngamia wake ndipo ategemee, au amwache huru ategemee. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Imo katika Tirmidhi. Kila mtu anaijua, lakini ngamia wengi tumewaachia.

Tuchukue mfano mmoja, kupima afya kabla ya ndoa. Tukiwauliza mabibi harusi kama wamepima, wengi wanasema: "Ah, nitamwambiaje? Ataona simwamini. Tumemwachia Mungu." Lakini seli mundu ni ugonjwa uliopo kwenye nyumba zetu. Mume na mke wote wawili wakiwa na vinasaba vyake bila wao kuumwa, kila mimba inakuwa na uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kumpata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kinawaambia mapema. Mkijua, mnaamua mkiwa na elimu, na mkiamua kuoana bado mnajua mtoto akizaliwa apimwe mapema na atibiwe. Msipojua, mtamwona mtoto analia kwa maumivu ya mifupa usiku na mtadhani amerogwa. Na virusi vya Ukimwi pia vina kipimo, na vina dawa.

Sayyidna Umar (R.A) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, aligeuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Allah. Akajibu kwamba ndiyo, anaikimbia kudra ya Allah kwenda kwenye kudra ya Allah. Nani atasema Umar hakuwa na tawakkul?

Na Mtume wetu alipohama Makka alijificha pango la Thawr siku tatu, akawa na mtu wa kumletea khabari, akawa na chakula kinachoandaliwa, akamwajiri Abdullah bin Urayqit awaonyeshe njia, na mtu yule hata hakuwa Muislamu. Akafanya yote yanayowezekana. Kisha ndani ya pango, maadui wakiwa juu ya vichwa vyao, moyo wake ukatulia. Sisi tunafanya kinyume. Sababu hatuzifanyi, na moyo hautulii.

Harusi ya kausha damu

Hili tutalisema ingawa linatuumiza mfukoni. Kuna bibi harusi ambaye gauni lake tulishona kwa pesa ya mkopo wa kausha damu, hatukujua. Sare, mpambaji, ukumbi, keki ya ngazi tano, vyote kwa mkopo, kwa sababu binamu yake alifanya vile mwaka uliotangulia na mama aliogopa kusemwa. Miezi minne baada ya harusi alirudi dukani na gauni ndani ya mfuko, anatuuliza kama tunamjua mtu wa kulinunua. Wadai walikuwa wanakuja mlangoni kwa mumewe, na ndoa changa ikaanza kwa kugombana.

Alisema neno tusilolisahau: "Wale watu niliowaogopa, walikula biriani wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyekuja kunilipia."

Walima wa Mtume (S.A.W) alipomuoa Safiyya (R.A) ulikuwa tende, samli na jibini kavu. Hakukuwa na mkate wala nyama. Na alikuwa akiomba kinga kwa Allah ndani ya sala kutokana na deni. Sisi tunaliomba deni, tunalipamba na taa za rangi. Shoga, kama una pesa, pamba, furahi, tutakushonea mpaka vidole vitoke malengelenge. Kama huna, njoo tukushonee gauni jepesi, na utatoka nalo umependeza vile vile. Riziki yetu haiko kwenye deni lako.

Kuogopa si dhambi, kuipa khofu usukani ndiyo tatizo

Kuna atakayesema sisi tunaongea kwa sababu hayajatukuta. Yametukuta. Tulipoacha kazi kwa tajiri aliyetuajiri, kila mmoja wetu alikuwa na cherehani moja na familia nyuma yake. Tulikaa wiki tatu hatulali. Tuliogopa kodi ya fremu, tuliogopa kuchekwa. Mmoja wetu alikuwa ameachwa na mtoto mchanga. Tuliswali, tukapiga hesabu ya kodi na kitambaa, tukamuuliza mama mmoja mzee wa biashara, tukaamua. Na mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Kuna mwezi tulikula muhogo na chai asubuhi na jioni. Tulikuwa tumemtegemea Mungu na bado tulikula muhogo.

Ndiyo maana hatupendi wale wanaosema ukimtegemea Mungu leo, kesho mume bora anabisha hodi, au pesa inaingia kwenye simu. Wanawadanganya watu. Allah ameahidi kumtosheleza anayemtegemea. Hakuahidi kumtosheleza kwa njia tunayoitaka sisi, wala siku tunayoitaka sisi.

Mama yake Musa (A.S) aliambiwa amtie mtoto mtoni. Qur'ani inatueleza kwamba moyo wake ulikuwa mtupu kwa huzuni, nusura aitoboe siri. Aliogopa! Lakini alimtia mtoto mtoni, kisha akamtuma dada yake afuatilie ukingoni. Na Bibi Hajar alipoachwa jangwani alimuuliza Nabii Ibrahim kama ni Allah aliyemwamrisha. Alipojibiwa ndiyo, akasema basi hatotupoteza. Huyo ndiye mwenye yakini. Na bado, mtoto alipolia kwa kiu, hakukaa chini kungoja. Alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba. Maji hayakutoka alikokuwa anakimbilia, yalitoka miguuni kwa mtoto. Lakini mbio zake zimefanywa ibada, na kila mwenye kuhiji au kufanya umra anazirejea mpaka leo.

Tunachowaomba

Dada unayeposwa sasa hivi, chukua karatasi uandike unachokiogopa. Kisha jiulize kimoja kimoja: ningekuwa siogopi watu, ningeamua nini? Swali rakaa zako mbili. Muulize kijana maswali magumu kabla ya mahari, na mtume mjomba au kaka akaulize anakofanya kazi na anakoswali. Nendeni mkapime. Yale mnayotaka yawe masharti, yasemwe mbele ya walii na mashahidi kabla ya akdi. Ukiona moyo haukubali na una sababu, mwambie walii wako mapema. Posa ni ahadi, lakini bado si ndoa, na kuivunja kwa heshima na kurudisha cha watu ni nyepesi kuliko kwenda Mahkama ya Kadhi baadaye na mtoto mgongoni.

Mama zetu, tunawaheshimu na tunabusu mikono yenu. Tunajua na nyinyi mliogopeshwa. Lakini binti akija kulia kwenu wiki moja kabla ya harusi, msimwambie "mtegemee Mungu" ili anyamaze. Mwambieni "mtegemee Mungu" ili aseme.

Yule bibi harusi wetu hatimaye alikwenda kwa baba yake mdogo, maana baba yake ni marehemu. Mzee yule alimwita kijana, akamuuliza mbele ya watu wawili, na kijana hakuweza kukana. Posa ikavunjwa siku tisa kabla ya akdi. Mahari yakarudishwa. Pesa ya ukumbi ikapotea. Watu walisema sana, na mpaka leo kuna wanaosema. Mama yake alikaa mwezi mzima hazungumzi naye vizuri, sasa wameshapatana.

Hajaolewa. Ana miaka 30 na anafundisha chekechea. Gauni lake bado liko kabatini kwetu, tumelifunika kwa kanga. Juzi alipita kushona nguo za kazi. Tulipozungusha tepu kiunoni tukatazamana sisi watatu bila kusema neno, kwa sababu nchi zake zote zimerudi.

Allah atujaalie tuwe wenye kumtegemea Yeye kwa vitendo, atusamehe tuliyoyafanya kwa khofu, na awape mabibi harusi wa mwaka huu wepesi na ndoa za kheri. Amin.